Waridi la Tisa

Wasomaji waheshimiwa, tafadhalini simameni. Waliovaa kofia wavue, na mwenye kikohozi akamalizie nje. Mimi, Otilia Cernat, umri miaka kumi na tisa, mpiga piano wa mwaka wa pili, zao la bweni la shule ya muziki ambako jina langu hutajwa hadi leo kwa sauti ya chini, nawatangazia rasmi kwamba asubuhi ile ya Juni nilidhamiria, kwa akili timamu na bila kushawishiwa na mtu, kumwangamiza Casian Leahu mbele ya watahini.

Sasa mnaweza kukaa.

Wakati nadhamiria mambo hayo makubwa nilikuwa nimejifungia chooni, nimekalia kifuniko, gauni langu jeusi la jukwaani nimelikunja magotini lisichafuke, nakula plachinta, mkate bapa uliojazwa jibini, iliyopoa. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye jibini. Chumvi haikupungua.

Jambo lenyewe ni hili. Casian anapiga selo, ile fidla kubwa inayokumbatiwa kati ya magoti, na mimi ndiye ninayempigia piano tangu tukiwa bwenini, mimi kitoto cha soksi zinazoteleza, yeye kaka mkubwa wa madarasa ya mbele. Siku ile ulikuwa mtihani wake wa mwisho chuoni. Kati ya watahini aliketi mgeni, profesa kutoka Leipzig, aliyekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kuondoka naye. Akimpenda Casian, basi Septemba Casian anapanda treni. Na walimu wetu wote wa hapa mjini Iași wana picha ukutani za vijana waliopanda treni hiyo. Sijaona hata mmoja aliyerudi, labda kuja kuzika mzazi, na hapo huja na miwani ya jua na kulalamika kuhusu mashimo barabarani.

Nikipiga vizuri, Casian atapiga vizuri, nami nitampoteza. Nikipiga vibaya, atabaki. Hesabu hiyo hata mpiga ngoma angeiweza.

Mtaniuliza: kwa nini usimwambie tu abaki, dada? Nilimwambia. Nilimwambia waziwazi, chini ya miti ya lindeni ambayo ilikuwa haijatoa hata jani, huku moyo wangu ukigonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Nilisema, "Casian, nakupenda. Usiende." Akanitazama kwa muda, uso wake ukabadilika, macho yakawa makubwa. Kisha akakumbuka tarehe. Akacheka mpaka akalishikilia begi la selo asianguke.

Ilikuwa Aprili mosi.

Mtu mwenye akili hachagui Siku ya Wajinga kumwaga siri ya moyo wake. Lakini mimi ndiye niliyetia chura kwenye tarumbeta kubwa la mwalimu mkuu. Mimi ndiye niliyemshawishi mlezi wa bweni kwamba kwaya nzima ina surua. Nilichagua siku hiyo ili akikataa, niwe na pa kukimbilia. Mlango wa nyuma niliuacha wazi mwenyewe, na akatokea huohuo. Wazee wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wangu ulitumbuka chooni, pamoja na plachinta.

Mlango ukagongwa.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi mama yake Casian. Toka, mwanangu. Nimeona viatu vyako."

Nilitoka. Mama Eufrosina alisimama kando ya sinki, amevaa koti lake la kanisani ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, amekumbatia shada la mawaridi meupe. Alinitazama machoni, kisha mdomoni.

"Umelia," alisema.

"Ni kitunguu, mama."

"Plachinta ya jibini haina kitunguu."

"Basi nimelia kwa sababu haina."

Hakucheka. Mama Eufrosina ni mtu mwema lakini kicheko chake kiko benki, haendi kukitoa ovyo. Alifunga mlango wa nje wa choo, akauegemea kwa mgongo.

"Otilia, najua unampenda."

"Nani? Mjerumani? Sijamwona hata sura."

"Acha. Nina mtoto mmoja, na mtoto huyo akirudi nyumbani Jumamosi anataja majina mawili tu, la Mungu na lako. La Mungu akijikwaa." Alilihamishia shada mkono wa pili. "Unajua kwa nini baba yake hajaja leo?"

"Kuna mazishi mtaa wa Nicolina. Bendi yao inapiga."

"Kuna mazishi. Daima kuna mazishi, na pasipo mazishi kuna harusi. Anapiga polka kwa walevi, mtu ambaye katika umri wa Casian aliitwa akapige muziki Vienna. Barua ya kuitwa ilifika, tiketi ikakatwa. Mimi nikamwambia neno moja. Nikamwambia, usiende."

"Na hakwenda," nikasema.

"Hakwenda. Kwa furaha kabisa, hakwenda! Alinibeba akanizungusha uani. Nilidhani nimeshinda." Alilishika shada kwa nguvu, majani yakalia. "Hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumua. Lakini nyumba yetu iko karibu na reli, na kila treni ya kwenda magharibi ikipiga honi, mume wangu anainua kichwa. Awe anakula, awe anasali, awe ananibusu. Anainua kichwa, kisha anakishusha pole pole, kisha ananitabasamia. Hilo tabasamu, mwanangu. Usiombe upewe."

Nilijifuta chembe za plachinta kidevuni.

"Mwache aende," alisema.

"Mimi nimemshika?"

"Umemshika. Wewe tu ndiye hujui umemshika wapi. Niahidi utapiga kama hujawahi kupiga."

"Na nikikataa?"

"Hutakataa. Wewe ni mtoto mwema."

"Mama, ungeuliza kwanza bwenini."

Alinipapasa shavu kwa kiganja kigumu chenye harufu ya sabuni ya kufulia. Kisha akasema nimshikie maua anawe uso, asije akaingia ukumbini na macho mekundu kama msibani.

Niliyashika. Yalikuwa tisa, kama inavyopasa, maana kwetu maua ya furaha huwa witiri. Ukimpelekea mtu shufwa, umempelekea ya kaburini. Hata mtoto mdogo anajua. Mama Eufrosina aliinama kwenye sinki, mabega yakimtikisika zaidi ya maji yanavyodai. Ningemhurumia. Badala yake nikajaa hasira ya kipumbavu. Yeye alisema usiende na akapata mume, mtoto, nyumba, hata kama ni ya kando ya reli. Mimi ninyamaze nipate nini?

Nikachomoa waridi moja. Nikalisukumiza ndani ya kitabu changu cha nota, nikakibana kwapani.

Mawaridi manane. Ya marehemu. Lilikuwa jambo la kitoto na la kichawi, na lilinipa raha, sitawaficha.

*

Nyuma ya jukwaa Casian alikuwa peke yake, ameketi kwenye sanduku la taa, anapaka upinde wa selo ulimbo ingawa ulikuwa umeshajaa ulimbo wa mwezi mzima. Alivaa shati jeupe la baba yake. Mikono ya shati ilimpungukia kidogo, vifundo vya mikono vikaonekana, na nikageuza macho upande mwingine kama mtu aliyechungulia jua.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa na mkutano wa ngazi ya juu."

"Umekula."

"Mkutano ulikuwa na viburudisho."

Akanyoosha mkono wa kushoto bila kunitazama. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mpiga selo mkono wa kushoto ukipoa, vidole vinateleza, basi tangu bwenini kabla ya kila onyesho mimi ndiye ninayeupasha, baina ya mikono yangu miwili. Ulikuwa baridi kama chuma cha mlango wakati wa theluji ya Januari. Nilipitisha kidole gumba juu ya sugu zilizo kwenye ncha za vidole vyake. Nazifahamu zote. Ile ya kidole cha pili ndiyo kubwa, ina mpasuko.

"Mikono yako inanuka jibini," alisema.

"Dawa ya kienyeji. Itakufungua vidole."

Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka kama taa iliyokatwa.

"Oti. Ile Aprili."

"Aprili ipi? Ziko nyingi, kila mwaka wanatoa mpya."

"Usinifanyie hivyo. Leo tu, usinifanyie hivyo." Aliinua uso. Nimetazamwa na Casian mara elfu juu ya piano, kwa sababu ndivyo tunavyoanza pamoja, yeye anavuta pumzi nami naiona. Lakini hakuwahi kunitazama hivi, kama mtu aliyeshika ukingo wa dirisha kwa vidole. "Mimi nilicheka. Usiku sikulala. Tangu siku hiyo najiuliza kama kuna mtu anaweza kutania huku midomo inamtetemeka."

"Kulikuwa na baridi."

"Otilia! Sema mara moja tu. Uso mkavu. Ukisema, siendi. Naingia pale, napiga, namwambia yule mgeni asante, kwaheri. Nitapata kazi kwenye opera hapahapa, nitafundisha watoto. Sema tu."

Neno lilikuwa mdomoni. Nililisikia kwenye meno. Nje, mbali, chini ya kilima, treni ikapiga honi.

Casian akainua kichwa.

Hata hakujua kama amekiinua. Aliinua kichwa kuelekea dirishani, akasikiliza mpaka honi ikaisha, kisha akakishusha pole pole, akanitabasamia.

Nilimwona hapo ana miaka hamsini, anakula mezani pangu, mchuzi unapoa.

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Unaapa?"

"Naapa kwa chura wa mwalimu mkuu."

Mkono wake ukatoka mikononi mwangu. Haukuwa umepata joto.

Msinisifu bado. Mnadhani nimejitoa mhanga kama mashujaa wa kwenye riwaya. Nilikuwa na akili zaidi ya hapo, yaani ushenzi zaidi. Niliwaza hivi: nikimwambia abaki, mimi ndiye nitakuwa mlango uliofungwa, na atanitabasamia vile maisha yote. Lakini akishindwa mwenyewe, mlango utakuwa umefungwa na Mungu. Nani anamlaumu Mungu? Atalia kwenye bega langu. Bega lipo, limeoshwa.

Na mahali pa kumshindishia nilipajua. Katika sehemu ya tatu ya sonata, utunzi wa mtihani ule, kuna wimbo unaotokea mara mbili. Mara ya kwanza, ukiisha, njia inapinda kushoto, inakwenda safari ndefu ya kurasa mbili. Mara ya pili inapinda kulia, mbio mpaka mwisho. Sisi tulipaita njia panda. Casian, kama kila mtahiniwa, anapiga bila kutazama nota, yote yako kichwani. Pale njia panda piano inabaki peke yake kwa pumzi moja na kumwonyesha upande. Nisipomwonyesha, nikiacha mikono magotini pumzi moja tu, ataangukia kimyani. Nitasema nimepotea ukurasa. Mimi hugeuza kurasa mwenyewe, hakuna mwanafunzi anayekubali kuketi kando yangu kunigeuzia tangu kisa cha gundi.

Mlango ukafunguliwa. "Leahu na Cernat!"

*

Ukumbi ulikuwa nusu tupu, madirisha wazi, harufu ya lindeni imejaa mpaka kooni. Watahini mezani. Mgeni wa Leipzig alikuwa mzee mwembamba aliyefumba macho kabla hata hatujaanza. Kando yake Mwalimu Veturia, aliyenifundisha mimi kazi hii ya kusindikiza, nota mapajani, kalamu sikioni. Shada la Mama Eufrosina lilikuwa mezani mbele yake, na Mama Eufrosina mwenyewe mstari wa mwisho, mikono imefumbatwa kwenye kidevu.

Casian akanitazama. Akavuta pumzi.

Sitawaeleza sehemu ya kwanza, ilikuwa nzuri, imepita. Lakini ile ya pili, ya pole pole, nitaisikia nikiwa mzee kiziwi. Alipiga kama mtu anayezunguka nyumba akizima taa chumba baada ya chumba. Kila alipovuta upinde nilijua anasema nini, na aliyekuwa akiambiwa ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaapa kwa chura. Nilimjibu kwa piano yote niliyoshindwa kumjibu kwa mdomo. Nilisema usiende kwa mkono wa kulia, nikasema usiende kwa mkono wa kushoto. Yule mzee wa Leipzig alifumbua macho.

Nikajua ameshamchukua. Kama hakuna kitu kitakachotokea, nimemaliza kazi, nimemfungia sanduku kwa mikono yangu.

Sehemu ya tatu ikaanza. Tukakimbia. Kurasa zikapita. Njia panda ikawa inakuja, naiona kama mtu aonavyo ukingo wa ngazi gizani. Wimbo ule ukasikika mara ya kwanza. Ikabaki mistari miwili. Mmoja.

Nikashusha mikono magotini.

Naapa, safari hii bila chura: niliishusha. Niliiona juu ya gauni jeusi, myeupe, imekaa kama watoto waliotiishwa. Na katika pumzi hiyohiyo, kabla kimya hakijapata hata nafasi ya kusikika, Casian akapinda kulia.

Hakungoja nimwonyeshe. Alizikata kurasa mbili nzima, akaingia moja kwa moja kwenye njia ya mwisho, akaenda kwa kasi, peke yake, bila piano. Mtu mwingine yeyote angebaki kule nyuma, na kungekuwa na kishindo cha kutosha kumfukuza Mjerumani mpaka mpakani.

Mimi nilitaka kubaki nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu! Lakini Mwalimu Veturia alinipigia kelele kwa miaka: "Mpiga piano hana njia yake, Cernat! Mwenzako akitumbukia kisimani, atue amekukuta chini unampokea!" Nikaona mkono wa kushoto unaruka kutoka gotini, unafunua karatasi kwa mkupuo, unatua kwenye vibao mahali pale alipo Casian, wala si nukta moja nyuma yake. Wa kulia ukafuata. Akili yangu ilifika baadaye, ikihema, ikiuliza jamani kuna nini.

Karatasi zilipofunuliwa, kitu cheupe kikachupa kutoka ndani, kikagonga ukingo wa piano, kikaanguka sakafuni karibu na mguu wa chuma wa selo.

Casian alikiona. Akanitazama. Alikuwa amesawijika uso, na machoni mwake mlikuwa na kitu nilichokielewa mara moja kwa sababu mimi nilikuwa nacho tangu chooni. Tukapiga mpaka mwisho tukitazamana, kwa kasi ya wazimu, kama watu wawili waliofukuzana mpaka wakagongana.

Makofi yakalia.

*

Mzee wa Leipzig alimnong'oneza Mwalimu Veturia, akampiga bega, akatoka nje kuvuta sigara chini ya lindeni. Watahini wengine wakamfuata kama bata. Mwalimu Veturia hakuondoka. Alivuta shada karibu, akaanza kuligusa ua moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Eufrosina," aliita. "Umenizika?"

"Ati nini, mwalimu?"

"Manane."

"Haiwezekani! Tisa! Nimeyahesabu mwenyewe sokoni, nikayahesabu tena kwenye tramu!" Mama Eufrosina alikuja mbio mbele, uso umemwiva. Akahesabu. Akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha macho yake yakafuata macho ya mwalimu, mpaka jukwaani, mpaka sakafuni.

"Otilia Cernat," alisema Mwalimu Veturia.

"Nipo, mwalimu."

"Najua upo. Hilo ndilo tatizo la chuo hiki." Aliiweka kalamu mezani. "Mgeni anamtaka kijana. Hakusikia kitu. Wenzangu hawakusikia kitu. Nimesikia mimi, kwa kuwa nilikuwa na nota mapajani, na kwa kuwa uhalifu huu nimekufundisha mimi. Kurasa mbili hazikupigwa. Naweza kunyamaza. Lakini simpandishi mtu treni bila kujua kama anataka kupanda. Nani aliruka?"

"Mimi," nikasema upesi. "Ua liliniziba nota, nikapotea. Casian, kwa moyo wake wa kiungwana, akanifuata. Napendekeza apewe nishani."

"Anadanganya," alisema Casian. Hakuwa ameinuka, selo bado iko mikononi. "Niliruka mimi. Makusudi."

Mama Eufrosina akaketi kwenye kiti kilicho karibu, taratibu, kama mtu mzito.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka kuanguka, mama. Mtu akianguka haulizwi achague nini. Nilimwomba aseme nibaki, akasema anatania. Basi nikasema nishindwe tu. Nisiwe nimebaki kwa ajili ya mtu. Asije mtu akaniona naangalia dirisha akadhani ni yeye aliyenizuia." Sauti ilimkatika. "Nyumbani nimeyaona hayo. Nimekulia mezani hapo, mama."

Mama Eufrosina alifunika mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Veturia alinigeukia mimi. "Na wewe? Kijana anaanguka kwa hiari yake. Kwa nini hukumwacha?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha. Yalisimama mlangoni kama kawaida, yamechana nywele, yanangoja kuitwa. Nikamtazama Casian, shati la baba yake, vifundo vya mikono vilivyo wazi, na yote matatu yakageuka yakaenda zake.

"Nilitaka aanguke," nikasema.

Mama Eufrosina aliondoa kiganja mdomoni.

"Nilipanga. Nilishusha mikono, mwalimu, mahali palepale. Nilishaishusha alipopinda. Nilitaka ashindwe, abaki, aseme ni Mungu. Na ua nililiiba mimi, Mama Eufrosina, ukiwa unanawa. Nilitaka iwe nuksi. Nilikuona unalia na bado nikaliiba." Nilifunga kifuniko cha piano. "Na Aprili, Casian, sikuwa natania. Nilipotania ni leo, pale nyuma, ulipoinua kichwa."

"Nilipoinua kichwa lini?" akauliza Casian.

"Treni ilipopiga honi."

Akafungua mdomo kukana. Kisha nikamwona anakumbuka.

Mama Eufrosina alipanda jukwaani, akainama kwa shida, akaokota waridi. Nilidhani atanichapa nalo. Alilifuta vumbi kwa kifua cha koti, akashuka nalo, akalichomeka katikati ya mengine.

"Kwa hiyo unataka nibaki," alisema Casian.

"Nataka ubaki. Nataka mpaka nimekuwa mchawi, si unaona? Lakini ulipoanguka nilijikuta niko chini nimekudaka. Sikuombwa. Nilikatazwa, nilijikataza mwenyewe, na bado." Nikamwonyesha mikono yangu, yote miwili, kama mwizi aliyeambiwa aioneshe. "Hii inakujua kuliko mimi. Usiniulize mimi, mimi ni mwongo. Iulize hii."

"Inasemaje?"

Kupitia madirisha ilikuja sauti ya mzee wa Leipzig, anakohoa, anacheka na watahini, anarudi. Casian aliulaza upinde juu ya magoti. Akaninyooshea mkono wa kushoto, kama afanyavyo kabla ya kuanza, ingawa tulikuwa tumeshamaliza.

Nikaupokea. Bado ulikuwa baridi.

"Inasema nenda," nikasema.

"Unatania?"

Niliwatazama kwa zamu, yeye, mama yake, mwalimu, nikingoja angalau mmoja wao acheke ili nami nipate pa kukimbilia. Miaka yote kumekuwa na mtu wa kucheka.

"Sitanii," nikasema.

Hakucheka mtu.